Familia ya Wanasesere Ukutani

Harufu ya vanishi ya kabati langu jipya imenirudisha darasani, mtaani Katuba, wakati jimbo letu la Katanga lilipojitenga na nchi. Mwalimu wetu alituletea wanasesere wa mbao kutoka Urusi, waliong'aa kwa vanishi. Alimfungua mkubwa, ndani akatoka mwingine, na mwingine tena, mpaka yule mdogo kama harage. Akatuambia tuichore familia ile, wawili wawili.

Nilichora na rafiki yangu, binti wa jirani zetu Wakasai, waliohamia kwetu kutoka jimbo la Kasai. Yeye alimpaka mama rangi nyekundu. Watoto tukawaacha kwa kesho.

Kesho yake nilikaa peke yangu kwenye benchi.

"Madamu, mwenzangu iko wapi?"

"Balikimbilia ku kambi ya bakimbizi, yeye na bazazi yake. Bakasai banafukuzwa, mwanangu. Maliza we peke yako."

Nikawachora watoto, mmoja mmoja, bila mtu wa kucheka naye. Mwalimu alipobandika picha ukutani, aliandika majina chini ya kila moja. Kwa yangu akasita.

"Niandike nani?"

"Sisi wote babili, Madamu."

Akatazama mlangoni kwanza, kisha akaandika jina la rafiki yangu juu ya langu. Mwaka ule wote hakuna aliyekuja kukaa karibu nami.