Nilivyopoteza mbegu ya perege weusi wa ukoo wetu kwa kuwalisha mafuta ya ng'ombe

Wakuu, assalaam alaykum, na wasio wa imani yangu nawasalimu kwa amani ya Mungu huyo huyo.

Humu mimi ni msomaji wa kimya. Leo naandika kwa mara ya kwanza, na kwa umri niliofika sina sababu ya kuongeza chumvi. Haya niliyatenda mwenyewe.

Kwetu ni Uluguru, juu kabisa. Kipupwe kikiingia, ukungu unaweza kukaa mpaka adhuhuri.

Kwa wasiojua, sisi Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama. Mwanamume ni mjomba, mwangalizi tu. Warithi ni watoto wa dada yake.

Mama alipofariki aliacha mabwawa matatu ya samaki. Dada yangu Mwajuma akanikabidhi niyatunze mpaka wanawe watatu wakue.

Samaki wenyewe walikuwa perege wadogo, weusi, hawazidi kiganja. Wazee waliwapandisha kutoka mto wa bondeni tangu enzi za mkoloni. Walikula ukijani wa kwenye mawe na wadudu wa majini. Hakuna aliyewapa chakula kingine.

Mama alikuwa na sharti moja. Baridi ikipita, hakuna kuvua mpaka waliobaki wazae kwanza. Kila kipupwe walikufa kadhaa, na mbegu ikatoka kwa waliovumilia.

Hakuwahi kutaja sababu. Mimi niliyekaa chuoni miaka mingi nikisoma vitabu vya dini, nikaona ni mazoea tu ya mama.

Ikaja miaka ya ruksa. Mliokuwepo mnakumbuka: maduka yaliyokuwa na kiberiti na chumvi tu yakajaa vitu, na kila mtu akawa na biashara.

Bwana mmoja, Severini, aliyeacha kazi ya kiwanda cha sukari kule Turiani, akafungua hoteli mjini Morogoro. Akapanda mlimani kutafuta samaki. Alipowaona perege wangu akacheka.

"Ustadhi, hawa ni samaki au vitoweo vya paka?"

"Ndivyo walivyo," nikamjibu.

"Wape mafuta. Chukua ya buchani, chemsha na pumba, tengeneza matonge. Ya ng'ombe, ustadhi, usiniangalie hivyo."

Nikafuata. Nilirusha matonge asubuhi na jioni.

Baadhi ya samaki waliyakimbilia wakanenepa upesi. Wengine waliendelea kuguguna mawe yao, wakabaki wadogo.

Hapo ndipo nilipokosea, wakuu. Wale wanene niliwaacha wawe mbegu. Wadogo niliwavua kabla hawajazaa, nikawafanya kitoweo cha nyumbani. Nilifanya hivyo miaka kadhaa mfululizo, na nikajiona nina akili kuliko mama.

Siku moja dada alisimama ukingoni akawatazama.

"Kaka, hawa wamenenepa kama mwenyekiti wa kijiji. Wale wa mama wako wapi?"

"Wamo ndani ya hawa hawa."

Kipupwe cha mwaka huo alinichemshia wawili. Nikachelewa msikitini, na niliporudi mchuzi ulikuwa umefunikwa na mafuta meupe yaliyoganda.

"Samaki wa mama hawakuwa hivi," alisema.

Nikala, nikamwambia apashe moto tu.

Kipupwe kilichofuata kilikuwa kikali. Ukungu ulikaa siku nyingi bila jua. Asubuhi moja, baada ya swala ya alfajiri, nilikuta bwawa la juu limejaa matumbo meupe. La kati vivyo hivyo. La chini vivyo hivyo.

Nilishinda majini na tunga la kuchotea samaki, nikitafuta hata mweusi mmoja mdogo. Sikumpata.

Dada hakunifokea. Alisema tu, "Nenda kawaambie wenye mali."

Nikawaita wapwa zangu, nikawaeleza kila kitu. Mkubwa akauliza, "Mjomba, si wapo wengine mtoni?"

Tuliwaleta wa mtoni mara tatu. Kila kipupwe walikufa wote. Sasa mabwawa yale yamepandwa magimbi.

Miaka mingi baadaye binti wa mpwa wangu, aliyesomea mambo ya wanyama, ndiye aliyenifumbua macho.

"Babu, samaki hana joto lake mwenyewe," aliniambia. "Mwili wake umejengwa kwa mafuta anayokula. Ukijani na wadudu wa majini wana mafuta laini, hayagandi kwenye baridi. Ya ng'ombe ni ya mnyama mwenye joto, baridi ikija yanaganda."

Nikamuuliza, basi kwa nini wa mtoni nao wanakufa, na hawajaonja tonge?

"Hao hawajachujwa na baridi. Wa mama yako walichujwa kila mwaka. Waliojua kuyatumia vizuri yale mafuta laini ndio waliobaki wakazaa, kizazi baada ya kizazi. Wewe ukageuza, ukazalisha waliopenda matonge."



Namshukuru Mungu kwa kunipa umri wa kuelewa, ingawa kuelewa hakukurudisha samaki. Yeye alikuwa akiifanya kazi ile ya kuwachuja taratibu, kwa chakula kile kile na baridi ile ile, na mama akampisha. Mimi nikaona anachelewa.

Nililojifunza: ukikabidhiwa amana ya kiumbe hai, jua kwanza anaishi kwa nini kabla hujambadilishia chakula. Na sharti la mzee usilolielewa, liulize akiwa hai.

Sasa naomba. Kama kuna mwenzetu wa vijiji vya juu, upande wowote wa mlima, ambaye bwawa lao lina perege wadogo weusi wanaopita kipupwe bila kulishwa, aniandikie hapa. Wapwa zangu wameota mvi, lakini wamesema watakuja na ndoo, kwa miguu ikibidi.

Wenye la kunilaumu pia karibuni. Nitasoma yote.