Mama wa Kumjibia Martin

Ukipita soko la Garsen, utamsikia Pauline kabla hujaziona ndizi zake. Ana mdomo mwepesi, wala haoni haya kulikiri hilo. Ndiyo maana majirani zake wa kijiji cha Wema walimtania alipopata mtoto wa kigugumizi, wakisema maneno ya nyumba ile yote alikuwa ameshayamaliza mama.

Martin ana miaka saba. Neno likimkwama, mishipa ya shingo humsimama na macho huyafumba. Na kwa watu wa Mto Tana, mtoto asiyemwamkia mkubwa hasemwi yeye, husemwa mamake kwamba hakumfunza adabu. Basi Pauline akazoea kumwahi. Mkubwa akitokea tu, yeye hudakia, "Martin anakuamkia, shikamoo," wakaendelea na njia yao. Aliona anamsitiri mwanawe.

Ila mwaka huu Martin alianza kuacha hata kujaribu. Akitaka maji, ananyoosha kidole. Hofu ikamwingia Pauline. Je, sauti ikifungika kabisa?

Shuleni alikuwapo Mwalimu Ngala, aliyesomea mambo ya usemi wa watoto. Kila Alhamisi aliwakusanya watoto wanne wenye kigugumizi barazani, akawafunza kuvuta pumzi na kusema polepole. Pauline alikwenda kuchungulia siku moja, akakuta kengele inalia, wenzao wanapita wakicheka, na Martin ameinamisha kichwa.

"Mama Martin," mwalimu akamwambia, "nyumbani mpe nafasi amalize mwenyewe."

Pauline aliitikia, lakini moyoni alisema: wanne kwa mwalimu mmoja, tena bure, hiyo ni dawa gani? Akamwachisha mtoto Alhamisi zile, akampeleka Malindi kwa mtaalamu wa kulipia, dada mmoja aitwaye Linda. Huko ni chumba kimoja, mtoto mmoja, mlango umefungwa. Safari yenyewe ilimla siku nzima, na nyuma shamba lilibaki bila mtu, ndege wakijipakulia mpunga.

Safari ya tatu Linda aliweka kalamu chini.

"Mama, tangu mmeingia nimemuuliza Martin jina la shule yake, rafiki zake na chakula anachopenda. Yote umenijibu wewe."

Pauline akaanza kujitetea kwamba mtoto amechoka na safari.

"Mimi namwona mara moja kwa mwezi," Linda akaendelea, kwa upole. "Mwalimu wake yuko naye kila wiki, na pale kuna wenzake wenye shida kama yake. Mrudishe, kisha mlete kwangu muhula ukiisha tuone amefika wapi. Lakini kama nyumbani hamumngoji, mimi na mwalimu tunajisumbua bure."

Njia nzima ya kurudi Pauline alijilaumu, kisha akamlaumu Linda, kisha akaanza kujilaumu upya. Usiku ule hakupata usingizi. Ikiwa ni yeye aliyemfunga mtoto mdomo, atamwambia nani?

Alhamisi ilipofika, akamrudisha kwa Mwalimu Ngala. Jumapili walipotoka kanisani, baba mkwe wake, Mzee Hudson, aliwasimamisha mlangoni mbele ya waumini. Kwa mzee huyu salamu ni sheria. Alimtazama mjukuu wake, akasubiri.

"Shi... shi..." Martin akakazana. Mishipa ikamsimama. Wanawake wa kwaya wakajifanya wanatazama pembeni.

Pauline alianza kupiga hesabu. Akinyamaza, ataonekana mama asiyefunza, tena mbele ya mkwe! Alijiuma mdomo. Mtoto akakwama tena, macho ameyafumba, na mzee akakunja uso. Pauline akashindwa.

"Baba, Martin ana—"

"Ma-mama." Martin aliinua mkono bila kumtazama. "N-ngoja. Ni ya-yangu."

Kisha akamgeukia babu yake, akavuta pumzi, akaanza upya, na safari hii hakuna aliyemsaidia.