Mbwa Waliozoea Gogo Langu

Siku mbwa wa jirani walipomla tetea wangu wa tatu, niliyaokota manyoya yaliyobaki, nikayatia kwenye karai, nikaenda nayo hadi kwake mchana kweupe. Sikuenda kusalimia. Nilibakiwa na tetea mmoja tu, wa kishingo, wale wasio na manyoya shingoni, naye alikuwa anaatamia mayai kumi na moja jikoni kwangu. Mbegu hiyo aliniachia mama alipofariki. Hapa Katelembo hakuna mwingine aliye nayo. Ikiisha kwangu, imeisha.

Jirani ni mzee mfuga mbuzi, mpole hadi anakera. Alinisogezea kiti. Nikakataa.

"Mbwa zako wamenimaliza," nikamwambia. "Wafunge, ama nitawawekea sumu."

Aliangalia karai. "Pole, mwaitu," akasema, akiniita mama kwa heshima zote. "Lakini niko na kuku saba hapa na hawajawahi gusa hata moja. Kwani huko kwako wanaonanga nini?"

Kweli kuku wake walikuwa wanadonoa katikati ya miguu ya mbwa hao hao. Hilo ndilo lililozidi kunichemsha damu.

"Asi! Kwa hivyo makosa ni yangu?"

"Sijasema. Twende tuone."

Mbwa wote wawili wakatutangulia. Nilitarajia watakimbilia jikoni kwa tetea wangu, nami nilishika jiwe tayari. Hawakwenda jikoni. Walifika kwenye gogo langu la kuchinjia, kando ya tangi la maji, wakaketi na kunikodolea macho, mate yakiwatiririka. Mmoja akatikisa mkia.

Niliona aibu, sitaficha. Kwetu mgeni akija huchinjiwa kuku, na miaka yote hiyo kichwa na utumbo nilikuwa nawarushia mbwa hao hao, bado vina joto, nikijisifu kwamba huo ni ujirani mwema. Utamu wa kuku waliujulia mikononi mwangu. Siku ambazo sikupata mgeni, walijihudumia.

Mzee hakucheka. Afadhali angecheka, nipate wa kumkasirikia.

"Kikulacho ki nguoni mwako," nikasema mwenyewe kabla hajanisemea, nikaliangusha jiwe.

Kesho yake nikafunga kibwebwe. Nilikata matawi ya miiba nikazungushia jiko na banda la kuku, yakafika kifuani, na ncha za chini nikazifukia maana mbwa huchimba. Mikono ilinitoka damu. Jirani naye akawa anafunga mbwa wake mchana na kuwafungulia jioni, kuku wakishaingia. Gogo nililipasua kuni.

Tetea akaangua vifaranga tisa. Kaka yangu aliposikia, akaja kutoka Kinanie na jogoo wake tumchinje tufurahi. Nilichimba shimo hata kabla maji hayajachemka. Mbwa mmoja alikuwa amekata kamba, akasimama nje ya miiba akilia.

"Mrushie tu hiki kichwa," kaka akasema, ameshainua mkono. "Si ni cha kutupa?"

Nilimnyang'anya. Nikakizika pamoja na utumbo wote, nikakanyaga udongo kwa miguu yote miwili huku yule mbwa akinitazama. Iliniuma. Hakuwa na kosa. Alikuwa anasubiri nilichomzoesha. Vifaranga wakapita karibu yangu wakimfuata mama yao, nami nikaendelea kukanyaga.