Bhoke Ashindwa Kukata Kitambaa

Kwa miaka kumi na tisa Bhoke alikata nguo pale Isebania bila kuchora mistari mingi, jicho lilimtosha. Kwaya ya kanisa lake ilipomletea kitambaa cha zambarau cha majoho kumi na mawili, hakuna aliyeuliza yatakuwa tayari lini.

Wiki ya tano kitambaa kilikuwa bado kimekunjwa mezani. Kila alipoinua mkasi, moyo ulimwenda mbio, viganja vikalowa jasho, akahisi kwamba lazima atakosea. Akawa anawaita wanakwaya wapimwe upya. Nyasuguta, mwimbaji wa sauti ya kwanza, alipoitwa mara ya nne alisimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Mama Elvis, unanipima joho au jeneza?"

Mafundi wa jirani wakaangua kicheko. Bhoke naye akacheka, kisha machozi yakamtoka. Nyasuguta akafunga mlango, akaketi.

Ndipo Bhoke akamweleza yote. Alidhani ni malaria. Akapimwa mara mbili, hamna. Akadhani ni presha. Nayo ilikuwa sawa. Usingizi haukuja, chakula hakikushuka. Mumewe, Mniko, alisema ni mawazo tu, yataisha. Mawazo Bhoke aliyajua, ya karo na ya mvua, lakini hayo huondoka na sababu yake. Haya yalikuja bila sababu, yakakaa.

"Jino likikuuma wiki tano, unangoja?" Nyasuguta akamwuliza. "Na sasa hata kazi imekushinda. Mimi nilienda nilipomzaa Joyline. Hawakuiti mwendawazimu. Unakaa chumbani, mtu anakuuliza polepole."

Jumanne wakaenda pamoja hospitalini Migori. Mshauri, kijana mpole aitwaye Monari, alimwambia kuwa wasiwasi ukizidi hivyo ni ugonjwa, na una tiba. Akamfundisha kupumua taratibu, akamwagiza akate kidogo kidogo, na arudi kila wiki. Usingizi ukikataa kabisa, daktari angeangalia habari ya dawa.

Baada ya kwenda mara tatu, Bhoke alikata mkono mmoja wa joho. Moyo ulienda mbio vilevile. Akaweka mkasi chini, akavuta pumzi mpaka ukatulia, akaendelea. Wiki iliyofuata majoho sita yalikuwa yametundikwa ukutani.

Mniko, ambaye siku hizi humsindikiza kila Jumanne na kumngoja nje akitafuna njugu, alimwuliza kama sasa amepona.

"Bado nakwenda," Bhoke alisema, akatandaza kitambaa cha joho la saba.