Chapa ya Ngamia Ukingoni mwa Kisima

Kila fundi anapokoroga chokaa hapa mtaani Galbet, Garissa, na harufu yake mbichi ikanifikia, narudi kwenye kisima chetu karibu na Tarbaj, na ile hasira ya utotoni inanipanda upya.

Kilikuwa kisima cha mawe, cha zamani kupita kumbukumbu ya mtu yeyote. Kwenye jiwe moja la ukingoni ilichongwa chapa tuliyowachoma ngamia wetu, mduara wenye mkia. Kwangu ushahidi kwamba kisima ni chetu ulikuwa umekamilika. Lakini Deka, mwenzangu wa dawati, alikuwa wa ukoo mwingine. "Wewe Nasra, hiyo kisima ni ya watu yetu!" alinicheka darasani. "Babu yako alikuja kuomba maji tu!" Mwalimu akaniagiza: Jumatatu nisimame niwaeleze wenzangu kisima kina umri gani na nani alikijenga.

Nilimvuta eddo, dada yake baba aliyefundisha historia mjini Garissa na alikuwa amekuja kututembelea, hadi kisimani. "Eddo, kina miaka mingapi?"

Alilala kifudifudi, kichwa shimoni, nami nikipigana na mbuzi aliyetaka kula ushungi wake. Akanionyesha mawe ya chini, yaliyochongwa yakabanana bila kitu katikati. Ya juu yalishikwa kwa chokaa. "Waliojenga huku juu walikuta chini kumeshajengwa," alisema.

"Miaka mingapi, eddo?"

"Miaka siioni hapa. Naona tu kipi kilitangulia kipi."

Nilikaribia kulia. Akachukua kidole changu, akakitia kwenye mfereji ambao kamba za ndoo zilikuwa zimeuchimba katika jiwe, kisha akakisogeza hadi kwenye chapa. Mchoro ulishuka ndani ya mfereji, ukapanda upande wa pili, na humo ndani kingo zake zilikuwa bado kali.

"Kamba zingekuja baada ya chapa, zingeisugua ikalainika. Haya, niambie wewe: kipi kilitangulia?"

"Lakini chapa ni yetu!"

"Wallahi, ni yetu," alisema, akijikung'uta vumbi.

Jumatatu nilisema nilichokigusa: kwamba watu walichota maji pale muda mrefu kabla chapa yetu haijachongwa. "Miaka mingapi?" mwalimu akauliza. Sikujua. "Si nilisema!" Deka akapiga makofi. Nilikaa chini nimefura, na eddo aliporudi Garissa sikutoka nje kumuaga.

Siku hizi nami nafundisha, na watoto hunidai miaka vilevile. Eddo angeweza kunitajia idadi yoyote, nikashinda. Chapa ile ilikuwa yake pia. Hakufanya hivyo. Na Deka, ukifikiria vizuri, hakuwa mbali na ukweli. Babu yangu alikuja pale akiwa na kiu. Babu yake pia. Maji waliyoyakuta yalichimbwa na mtu ambaye hakuchonga alama yoyote.