Mwenye Ng'ombe Ametoka

Sisi tulioishi kambini tuna kawaida yetu: kila kitu cha maana huandikwa jina la mke. Kiwanja, cherehani, hata risiti ya redio. Mwanajeshi ndiye anayetarajiwa kufa, na hakuna anayependa mjane wake azungushwe maofisini akiombwa barua. Kwa hiyo nilipostaafu na kununua ng'ombe wa maziwa hapa Rukoki, bima yake ikaandikwa jina la mke wangu. Wakala, binti mmoja mchangamfu kutoka Kasese mjini, alimpiga picha kando ya ng'ombe, ameshika sikio lenye hereni ya namba, amevaa kitenge cha kijani na gambuti zangu. Kisha fomu ikauliza mrithi. Mke wangu akaniamuru niandike jina langu.

Nilicheka. "Unataka jina ya maiti hapo?"

"Andika tu, afande," akasema. Alipenda kuniita afande akiwa ameshaamua jambo.

Akafa yeye. Homa ya siku tano tu. Tukamzika kwao Bwera. Nilikuwa nimepanga kila kitu cha kifo changu, mpaka nani apewe viatu, na cha kifo chake sikuwa nimepanga hata kimoja. Niliona nimefanyiwa hila, na mpaka leo nina hasira nayo.

Wiki mbili baada ya mazishi, simu yake ililia dirishani. Nilikuwa naendelea kuichaji bila kujua kwa nini. Alikuwa yule binti wa bima, ambaye habari za Bwera hazikumfikia.

"Mzee, mama yuko?"

"Ametoka," nikasema. "Ameenda soko."

Uongo ulinitoka wenyewe. Akasema nimsalimie sana mama, nami nikajibu kwamba salamu zitafika. Nilibaki pale dirishani nimeshika simu, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nikasikia njaa.

Akawa anapiga kila mwezi. Mara anaulizia hereni, mara anakumbusha kuogesha ng'ombe dawa ya kupe. Kila mara mama alikuwa ametoka: yuko kanisani, yuko shambani, amekwenda kumwona mgonjwa Karambi. Watu wengine wote walikuwa wamenyamaza, maana walikuja mazishini na kumaliza. Ni binti huyu tu aliyekuwa bado akimuulizia mke wangu kama mtu aliye hai. Nasema ukweli, nilikuwa naingojea simu ile.

Kisha ng'ombe akaugua. Aliacha kula, macho yakatoa machozi, na chini ya sikio pakavimba. Daktari wa mifugo alikuja, akampima joto, akasema ni ndigana, homa ya kupe. Sindano moja haikutosha, wala ya pili. Nikaanza kuuza mbuzi wangu.

"Afande, mbona unauza mbuzi?" daktari akaniuliza huku akiosha mikono. "Hii ng'ombe iko na bima. Chukua risiti zangu, peleka, watakulipa. Ni kuita wakala tu, apige picha ya ng'ombe na mwenyewe, mwenyewe aweke kidole, basi."

Nilizikunja risiti zake nikazitia mfukoni. Nadhani aliniona mzee anayeogopa makaratasi.

Siku mbili nilizunguka banda la ng'ombe. Nikiomba fidia, lazima niseme mke wangu amekufa, na simu ile itanyamaza. Nisipoomba, mbuzi wataisha, dawa zitaisha, na ng'ombe ambaye mke wangu alimlisha kwa mkono wake atakufa mbele yangu. Siku ya tatu nikapanda bodaboda mpaka Bwera, kwa dada yake, anayeuza samaki wakavu karibu na mpaka. Wamefanana urefu, sura, hata namna ya kushika kiuno. Alinisikiliza huku akipanga samaki wake.

"Shemeji, ile ya picha haina ugumu," akasema. "Ule mutoto wa bima aliona dada mara moja tu. Nitavaa kitenge yake, nitaweka kidole."

"Ni uongo."

"Ndiyo, ni uongo. Lakini ile ngombe iko ya dada. Haitakufa sisi tuko tunaiangalia."

Nilipaswa kumkatalia pale pale. Badala yake nilimpigia wakala kwa simu ya mke wangu, nikamwambia mama amerudi.

Kesho yake asubuhi shemeji alikivaa kitenge cha kijani. Kilikuwa kimening'inia nyuma ya mlango tangu mke wangu alipougua, na sikuwa nimekubali kifuliwe. Alipotoka ndani na zile gambuti, nilitazama chini. Binti wa bima alimkimbilia na kumkumbatia.

"Mama, umepotea sana!"

Ng'ombe alikuwa amelala tangu jana, na daktari alikuwa ameonya asilazimishwe kusimama. Shemeji akaingia bandani. Ng'ombe akainua kichwa, pua zikacheza. Kisha akaanza kusimama, miguu ya nyuma kwanza, halafu ya mbele, mwili wote ukitetemeka. Akanyoosha shingo na kunusa kitenge pale kiunoni, ambapo mke wangu alizoea kufunga chumvi kwenye fundo. Akanusa muda mrefu. Halafu akanusa mkono wa shemeji, akaacha, akageuza uso, akalala tena polepole.

"Mama, sogea kidogo karibu yake," binti akasema, simu yake imeinuliwa.

"Weka chini hiyo simu!" Sauti iliyonitoka ilikuwa ya gwaride. "Huyu si mwenye ng'ombe. Mwenye ng'ombe amekufa."

Sikuwa nimewahi kulitamka neno hilo. Mazishini wengine walinisemea.

Binti alitutazama mmoja mmoja. "Lini, mzee?"

Nikamwambia.

"Lakini mwezi uliopita uliniambia mama ameenda kanisa."

"Nilikuambia."

Shemeji alikaa juu ya ndoo na kulia kwa sauti, amekishika kile kitenge. Binti naye akafuta macho. "Kumbe mimi nilikuwa namtumia salamu," akasema. Hakunikaripia, na afadhali angenikaripia. Alinieleza taratibu kwamba gharama za daktari hazitalipwa, kwa kuwa mrithi alipaswa kutoa taarifa mapema. Kisha akatoa ile fomu ya zamani ili nitie sahihi, bima ihamie kwangu. Jina langu lilikuwa pale, kwa mwandiko wangu mwenyewe, herufi za mtu aliyekuwa anacheka.

Niliuza mbuzi waliobaki. Ng'ombe alipona, ingawa maziwa yake yamepungua nusu. Kitenge nimekitundika kwenye nguzo ya banda, na daktari akija hunicheka kidogo.

Binti wa bima bado hupiga kila mwezi. Siku hizi anapiga kwenye simu yangu, ananiuliza hali yangu na ya ng'ombe. Ile ya mke wangu naichaji kila Jumapili, naiweka pale pale dirishani. Haijalia tena.