Pumzi Aliyofundishwa Vénuste

Mukundwa hakuwa mwanamke wa kusamehe, na hakuona haya kusema hivyo. Wapo waliosamehe, Mungu awazidishie. Yeye alikuwa fundi cherehani hapa Kamembe, Rwanda, mjane, Mwislamu wa swala tano, na ndani ya sanduku lake la bati alitunza sanda nyeupe aliyoikata mwaka wa mauaji, tisini na nne. Ilikaa humo miaka tisa kwa sababu hakuwa na wa kumvisha.

Mumewe Mudathiru, fundi wa baiskeli, aliwaficha majirani watatu stoo. Wauaji watano wa kizuizi cha barabarani wakaja wakawachukua wote wanne, na aliyewaonyesha mlango ni Vénuste wa nyumba ya pili, ambaye Mudathiru alikuwa amemtengenezea baiskeli wiki hiyohiyo. Hawakurudi, wala maiti hazikuonekana. Mukundwa alipekua vichaka hadi karibu na Nzahaha, naye ana pumu tangu utotoni, kila kilima kikimkaba koo. Hakupata hata kiatu.

Mwanzoni mwa mwaka 2003 wafungwa wazee na wagonjwa waliokiri makosa waliachiwa. Vénuste akarudi amekonda, na mfukoni ana pampu ya pumu, ile ya bluu tunayoiita pompe. Alikuwa amekiri kwamba "alikuwepo". Maiti zilikotupwa hakusema.

Kila Alhamisi gacaca, baraza la kijiji la kuhukumu makosa ya mauaji yale, ilikaa kwenye majani karibu na shule, nasi sote tukakaa chini kusikiliza. Mkuu wa waamuzi alikuwa Maman Patricie, mwalimu mstaafu asiyependa maneno mengi. Akauliza, "Papa Vénuste, Mudathiru na benzake, mulibapeleka fasi gani?"

Vénuste akafungua mdomo. Kifua kikapiga filimbi. Akatoa pompe, akaachama, akabonyeza mara tatu upesi upesi. "Maman, kifua inanifunga," akasema, na watu wakamletea kiti, wakamletea maji, swali likaahirishwa. Huruma ya watu wa Kamembe! Wanaimwaga hata pasipoota kitu. Alhamisi ya pili ikawa hivyohivyo, na ya tatu.

Lakini Mukundwa aliona jambo ambalo wengine hawakuliona. Vénuste alipobonyeza, moshi mweupe ulitoka tena mdomoni na puani, ukaenda zake. Alikuwa anajipulizia ulimi kama bwana harusi anayejitia manukato. Dawa haikufika kifuani hata chembe. Mukundwa alijua, maana yeye mwenyewe alimaliza pompe mbili kwa namna hiyo kabla mtawa wa zahanati hajamfundisha.

Alijua, akanyamaza, na alifurahi. Alhamisi ile ya kwanza alirudi nyumbani akala ugali wote na sombe yote ya majani ya muhogo. Alitaka Vénuste afe kwa kukosa hewa, polepole, na yeye awe karibu asikie.

Alhamisi ya tatu midomo ya Vénuste iligeuka rangi, wakambeba mpaka kwake. "Huyu hamalizi mwezi," alisema jirani yake Gaju, nayo furaha ya Mukundwa ikachacha palepale. Akifa, anakwenda na siri yake. Yeye atapata jeneza na nyimbo, na Mudathiru atabaki hajulikani aliko. Hapana. Hatanitoroka kwa mlango wa kaburi, Mukundwa alijiambia.

Akachukua chupa ya maji ya plastiki, akaisafisha. Akatia ncha ya mkasi kwenye makaa ya pasi, akatoboa kitako cha chupa tundu la kuingiza mdomo wa pompe kwa kubana. Akaijaribu kwa pompe yake mwenyewe. Ikakaa sawasawa; humo dawa ingengoja mpaka ivutwe.

Alhamisi ya nne, filimbi ilipoanza tu, Mukundwa alisimama akaenda katikati. Watu walidhani anakwenda kumpiga.

"Leta iyo pompe."

Vénuste akaikumbatia. "Unataka kuniua?"

"Ningetaka ufe, ningenyamaza. Nilisha kunyamaza Alhamisi tatu. Leta!"

Akamnyang'anya, akatoa kifuniko, akaitikisa vizuri, akaichomeka kwenye kitako cha chupa. "Kaa wima. Toa pumzi inje. Ingine! Sasa funga midomo ku shingo ya chupa, hewa isipite kando." Akabonyeza mara moja tu. "Vuta. Polepole, ndefu, usikimbie. Sasa shikilia! Moja, mbili, tatu..."

Alihesabu kwa sauti, na kufika tano mkutano mzima ulikuwa unahesabu naye. Vénuste macho yalimtoka. "Usitoe! Saba, nane, tisa, kumi. Haya, toa."

Wakangoja kama dakika moja. Akaitikisa tena, akabonyeza mara moja, wakahesabu tena. Sikio la kufa halisikii dawa, wanasema, lakini la Vénuste lilisikia kwa lazima. Baada ya mara ya nne filimbi ilififia kama birika lililoepuliwa. Midomo ikarudia rangi yake. Akavuta pumzi ikafika chini kabisa, na kuiona tu kulimuuma Mukundwa kama kidonda.

"Iyo sasa ni pumzi," akamwambia. "Itumie kwa kusema."

Maman Patricie akarudia swali. Vénuste akatafuta kikohozi, sote tukamwona anakitafuta, kisije.

"Ku tanuru ya zamani ya matofali," akasema mwishowe. "Njia ya Gashonga. Mu shimo ya udongo, bote bane." Akatazama majani. "Mudathiru alikuwa anapumua bado wakati tulimufunika."

Mukundwa alikuwa bado ameshika chupa, na plastiki ilialika mkononi mwake. Sote tulijua angeweza kuivunja, na hakuna ambaye angemlaumu. Aliinyoosha kwa kidole mahali ilipobonyea, akamwekea Vénuste mapajani.

"Alhamisi utaleta majina ya bale batano mulikuwa nabo," akasema. "Usikufe."

Jumamosi walichimba. Alimtambua mumewe kwa spana namba kumi na tatu iliyokuwa mfukoni, akamvisha sanda, Waislamu wa Kamembe wakamswalia. Mukundwa alilia mpaka pumu ikamshika, akatoa pompe yake, akaitikisa, akahesabu kumi.

Kutoka makaburini hakwenda kwake kwanza. Aligonga nyumba ya pili.

"Unaitikisa?"

"Ninaitikisa, maman."

"Vuta nione."

Akasimama mlangoni kwa nguo zake za msiba mpaka yule mzee akafika kumi. Majina matano yalikuwa bado.